Noti ya Mwisho Iko Sanje

Lipangalala, Ifakara, Jumapili jioni

Skola mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda kwa fundi kuchukua gauni. Nimewasikia mkibishana kuhusu mikono, iwe mirefu au ikomee kwenye kiwiko, mpaka mlipofika barabarani, kisha pakawa kimya. Fundi wetu tunamjua. Atakuwa bado hajaweka vifungo, atawapa stuli mkae, ataanza kuwasimulia habari za mkwewe. Kwa hiyo nina muda, na mwanga bado upo.

Habari za sweta, pasipoti, na kutomwachia mtu usiyemjua begi lako, mama yako ameshakuambia mara tatu, na kesho stendi atarudia ya nne. Hayo siyaandiki. Naandika jambo moja ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo wiki nzima hii. Na nikisema kweli, mpaka Alhamisi hii nilikuwa sijamwambia mtu yeyote tangu nilipokuwa kijana wa miaka kumi na sita.

Unanijua, mimi si mtu wa maneno. Watu hudhani mwalimu wa kwaya lazima awe mchangamfu. Hawajagundua kwamba nilichagua kazi ambayo unawapa waumini mgongo, na wanakwaya wenyewe wanakutazama mikono, hawakutazami uso. Ukinikuta nimesimama mbele ya watu na sina kwaya ya kuongoza, mikono yangu haijui iende wapi. Wewe umechukua aibu hiyo kwangu, pole. Ila wewe ukifungua mdomo kuimba, aibu inakaa pembeni. Mimi hata hapo haikai.

Sasa sikiliza. Jumatatu uliacha karatasi zako za mashindano mezani. Sikuzipekua. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka kikombe. Nikaona umejaza nyimbo zako tatu. Mbili za kwanza ni zile za Kiitaliano ambazo nyumba nzima sasa tunazijua, hata mama yako akisonga ugali anaziguna. Ya tatu ni ile wanayoitaka kila mwimbaji aje nayo kutoka kwao, kwa lugha ya kwao. Hapo umeandika "Tumeleta Mpunga Mpya". Na kwenye nafasi ya mtunzi umeandika jina langu lote, kwa herufi kubwa, na chini yake kwa Kiingereza ukaongeza kwamba huyo ndiye baba yako.

Kikombe nikakiweka sakafuni.

Skola, wimbo ule sikuutunga mimi. Ni wa shangazi yako Dafrosa.

Nimeandika hilo nikainuka, nimezunguka uani, nimewafukuza kuku ambao hawakuwa na kosa. Nimerudi, bado limeandikwa. Basi naendelea.

Mwaka ule nilikuwa shule ya bweni upande wa Mahenge. Daraja la mto halikuwepo, tulivuka kwa pantoni, na kutoka ng'ambo ilikuwa ni kupanda milima juu ya gunia la mchele ndani ya lori. Nyumbani tulikuwa wawili tu, dada na mimi. Babu yako aliamua mmoja aendelee na masomo. Dafrosa alikuwa amenizidi miaka mitatu na alinizidi akili, hilo nalijua mimi, nilikuwa namnakili hesabu. Akanichagua mimi. Hakuna aliyegombana. Siku niliyoondoka alinibebea sanduku mpaka kivukoni, akaniambia, "Kaa mbele kwenye lori, nyuma utatapika." Akarudi shambani.

Shuleni tulikuwa na sheria ya Kiingereza. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako. Mimi nilipata dawa yake, nikawa siongei kabisa. Kiingereza nilikiandika vizuri, Kiswahili nilikiandika vizuri, na lugha zote mbili nilikuwa sizitoi mdomoni. Wenzangu waliniita Sanamu. Kisha tukaanza somo la muziki, mwalimu akatufundisha do re mi. Nikaona, kumbe ipo lugha ya tatu, unaiandika tu na hakuna anayekudai uongee. Nilijaza madaftari. Mlio wa kengele niliuandika noti. Mwendo wa mpishi mwenye mguu mbovu, niliuandika noti.

Likizo moja nikarudi, mpunga umeanza kuiva. Kazi ya Dafrosa ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Wewe kazi hiyo unaijua, umekaa kwenye dungu tangu ukiwa mdogo, lakini nataka ukumbuke siku zile eneo lilikuwa wazi zaidi na watu wachache. Dungu letu hapa, dungu la jirani kule mbali, katikati mpunga mtupu. Kwelea wanakuja kama moshi, wanatua wote kwa mpigo. Wengine walipiga madebe, wengine kombeo. Dafrosa hakuwa na debe wala hakutaka. Alisimama juu ya miti ile minne ya dungu akaimba.

Maneno yalikuwa machache, ya Kindamba, kuwaambia ndege hapa pana wenyewe, nendeni. Lakini sauti, Skola. Haikuwa kelele. Ilitoka kifuani polepole, ikaenda juu ya mpunga kama kitu kinachotembea, na kundi zima likainuka. Nililala chini ya dungu na daftari langu nikaandika alichoimba. Alinichungulia kutoka juu.

"Bene, unaandika nini?"

"Wimbo wako."

"Unaandikika?"

"Ndiyo, unaandikika."

Akacheka mpaka dungu likatikisika. "Haya, uandike, nikifa ndege wasisahau."

Nilipanda kumwonyesha. Akageuza daftari juu chini, akaniuliza yeye yuko wapi hapo. Nikamwonyesha kwa kidole, hii ni pale unapopanda, hii ni pale unapovuta. Alilitazama muda mrefu, akanitazama na mimi, akanirudishia. Halafu nikasikia lori kwa mbali, nikachukua daftari, nikakimbia. Likizo ilikuwa imekwisha.

Shuleni tukaambiwa kila mwanafunzi wa muziki alete wimbo wa misa ya mavuno, aliotunga mwenyewe. Nilikaa na karatasi tupu siku tano. Ya sita nikafungua daftari. Nikatoa maneno ya Kindamba, nikaweka ya Kiswahili, tumeleta mpunga mpya, upokee, na kadhalika. Na mwisho nikaubadilisha. Mwalimu alitufundisha kwamba wimbo lazima urudi nyumbani, lazima utue kwenye do. Wa Dafrosa kwenye daftari langu ulikuwa unaishia juu, unaning'inia. Nikadhani ni mimi niliyekosea kuandika, au ni yeye asiyejua. Nikaushusha: mi, re, do. Ukakaa vizuri.

Mwalimu aliupiga kwenye kinanda mbele ya darasa. Alipomaliza akanitazama, akauliza, "Umeutoa wapi huu?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Mnaona?" akawaambia wenzangu. "Huyu mnayemwita Sanamu."

Wakapiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Sikusema ni wangu. Sikusema neno lolote, na kwa mtu kama mimi kunyamaza hakukuwa na gharama, ndiyo kazi niliyoizoea. Nimejitetea hivyo kwa miaka mingi, kwamba mimi sikudanganya. Lakini swali niliulizwa. Jibu nililijua. Lilikuwa jina moja tu.

Jina langu likaandikwa juu kulia, pale wanapoandika mtunzi. Wimbo ukaimbwa misa ya mavuno, wakaunakili wa parokia ya jirani, ukashuka milima, ukafika Ifakara kabla yangu. Nilipomaliza shule nikakuta kwaya ya hapa inauimba na wananisubiri. Kazi yangu yote imetoka pale. Mama yako naye anasema alinipenda siku aliyousikia. Alhamisi nimemwambia ukweli, tukiwa tunachambua mchele. Aliacha ungo, akanitazama, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilipaswa kuolewa na wifi yangu."

Nikamwambia, "Nisamehe."

"Mimi unaniombea nini msamaha? Nenda Sanje kwa dada yako." Akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo nikamwona mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Nimeishi na mwanamke yule miaka mingi na bado sijui akiba yake ya kicheko inaishia wapi.

Kabla sijakuambia habari za Sanje, kuna kosa la pili, na hili nimekukosea wewe. Ukiwa na miaka kumi na minne nilikuingiza kwaya kubwa. Jumapili ya kwanza ulifungua mdomo katika sauti ya kwanza, na mimi nikasimama pale mikono juu, nimesahau kuishusha. Ilikuwa sauti yake. Si kufanana, ni yeye, juu ya dungu. Na wimbo tuliokuwa tunaimba ulikuwa huo huo. Baada ya misa nikakuita pembeni. Unakumbuka? Nilisema, "Skola, punguza. Unawafunika wenzako."

Ukapunguza. Ulipunguza miaka mitatu. Ulikuwa mtoto mtiifu mno, nami niliutumia utiifu wako kujificha. Si kweli kwamba uliwafunika wenzako. Nilikuwa naogopa kanisa litasikia. Niliogopa Dafrosa atakuja siku moja kusali hapa na atajisikia mwenyewe akiimba kutoka madhabahuni, chini ya jina langu.

Ni Sista Emiliana aliyenikamata. Alikuwa mgeni bado, ndiyo kwanza amerudi kutoka masomo ya muziki ng'ambo, alikuja shambani kununua mchele kwa ajili ya hosteli. Wewe ulikuwa mbali, kwenye dungu, hukutuona. Akasimama na gunia mkononi.

"Mwalimu, nani yule?"

"Mwanangu, Sista. Anafukuza ndege."

"Kwenye kwaya yako huimba?"

"Huimba."

"Mbona sijawahi kumsikia?"

Nikatazama viatu vyangu, Skola. Mtu mzima, mtoto wa nne tumboni kwa mama yako, bado natazama viatu. Yeye hakungoja. Alikuja akakuuliza mwenyewe kama ungependa kujifunza kuimba nyimbo zinazoimbwa bila kipaza sauti, mtu mmoja na piano mbele ya ukumbi mzima. Ulimjibu, nakumbuka alinisimulia akicheka, "Ukumbi una ndege?" Sasa miaka minne imepita na unakwenda Afrika Kusini, kusimama na waimbaji chipukizi wa opera wa nchi ambazo mimi nimeziona kwenye ramani, na wakikuchagua utabaki huko miaka miwili usome. Yote hayo kwa sababu mtu alitokea kununua mchele. Kama ningeachiwa mimi, ungekuwa bado unapunguza.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Ni rahisi mno, utasoma kwenye basi na sitauona uso wako. Nataka tu ujue kwamba siku ile kosa halikuwa kwenye sauti yako. Pengine huko yupo mwalimu atakayekuambia upunguze, na huenda akawa na haki, kuna mahali pa kupunguza. Muulize kwa nini. Mtazame anapojibu. Mimi ungeniuliza, nisingekuwa na jibu.

Basi Sanje. Ijumaa nilikuambia nakwenda Mang'ula kuangalia kinanda cha mitumba. Hakuna kinanda. Nilipita Mang'ula bila kushuka, nikashukia Sanje, pale mabasi yanaposimama. Shangazi yako alikuwa kwenye meza yake ya ndizi, amejifunga kitenge kichwani, anamkaripia mteja aliyekuwa anabonyeza bonyeza ndizi zote halafu hachukui.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Skola mzima?"

"Mzima, anasafiri Jumatatu."

"Sasa umekuja Ijumaa mchana, huna begi, huna zawadi, na uso huo. Kaa. Kula ndizi."

Nikala ndizi. Nikala ya pili. Wateja wakaja wakaondoka. Mwishowe nikasema nikiwa natazama maganda, kwamba ule wimbo wa mpunga mpya, jina lake lilipaswa kuwa juu, na mimi niliweka langu, na shuleni nilipoulizwa sikusema. Nilisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeungama huku foleni ndefu iko nyuma yake.

Dafrosa alikuwa anapanga ndizi. Aliendelea kupanga.

"Bene," akasema, "unadhani mimi sina masikio?"

"Ulijua?"

"Nimeuimba kanisani hapa miaka yote. Kila mavuno. Mwalimu wetu wa kwaya huwa anatangaza kabisa, wimbo huu umetungwa na ndugu yetu wa Ifakara. Nami nainuka naimba."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa mapadri? Kwamba ndege wangu wameibwa?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. Hapo ndipo alipokaa. "Mwanzo niliumia, nisikufiche. Si kwa ajili ya jina, jina hilo wangelisoma nani. Niliumia kwamba ulikuja likizo baada ya likizo na hukuniambia. Nilikuwa nangoja uniambie, 'Dada, wameupenda.' Ningefurahi, wewe. Ningecheza."

Nimeandika kwamba kunyamaza hakujawahi kunigharimu. Pale kwenye meza ya ndizi niliona kulikuwa kumemgharimu nani.

Nikamwambia kuhusu wewe, kwamba umeuchagua wimbo huo, kwamba utauimba mbele ya majaji, na kwamba nimeongea na Sista Emiliana, kijitabu chao hakijachapwa, jina linaweza kubadilishwa mpaka utakapofika. Akanisikiliza. Akauliza, "Wanaimba na spika?"

"Hapana. Sauti tupu. Ukumbi mkubwa, na mtu wa mwisho nyuma kabisa lazima asikie."

"Sasa hilo si ndilo shamba?" Akamgeukia jirani yake wa meza ya pili, mama wa vitunguu. "Umesikia? Mpwa wangu anakwenda kuamia ndege Afrika Kusini." Halafu akanirudia, sauti imebadilika. "Bene. Atauimba na ule mwisho wako?"

"Mwisho upi?"

"Huo unaoushusha. Kila mwaka ninyi mkifika hapo mimi nanyamaza, siwezi kuuimba. Umeufunga. Ule wimbo haufungwi."

Nikamweleza habari za do, kwamba wimbo hurudi nyumbani. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya daftari.

"Nani alikuambia unarudi? Unapoishia pale juu, unamngoja wa dungu la pili. Akijibu, unajua yuko macho na ndege wamehama upande wako. Asipojibu unaimba tena. Ndiyo maana yake. Mimi niliubuni kwa sababu ya kukaa peke yangu, nisikie mtu. Wewe hukusikia mwisho wake hata siku moja. Ulisikia lori."

Ndivyo alivyosema. Ulisikia lori.

Nikatoa daftari na kalamu. Nikamwomba aniimbie mwisho wenyewe, safari hii niuandike vizuri, nikuletee. Akatikisa kichwa.

"Wewe uliuandika mara ya kwanza ukakosea. Mtoto apate kwangu. Basi lake si litapita hapa?"

"Linasimama dakika chache tu, dada."

"Kwani mwisho wa wimbo ni mrefu kiasi gani?"

Basi mwanangu, huo ndio ujumbe niliotumwa. Nimekuwekea kwenye bahasha hii karatasi ya wimbo, nakala niliyoiandika upya jana. Juu kulia utaona jina la shangazi yako, Dafrosa. Lako la kufanya ni kuliandika hivyo kwenye karatasi zako, kwa herufi kubwa kama ulivyokuwa umeandika langu. Ukitaka kuongeza kwa Kiingereza yeye ni nani kwako, Sista atakusaidia, maana lugha ile haina neno la shangazi peke yake, wao dada wa baba na dada wa mama wanawaweka kapu moja. Maneno yangu ya Kiswahili yaache au uyatoe, utaelewana naye. Mimi nisingejali kuandikwa chini kabisa kwamba nilichora noti. Hata nisipoandikwa ni sawa.

Na ukitazama mwisho wa karatasi utaona sijaandika kitu. Mi, re, do nimezifuta. Mistari ipo, noti hakuna. Mwanzo mkono wangu ulitaka kuweka hata alama ya penseli, kukisia, maana nimekaa na wimbo ule maisha yangu yote na nadhani naujua. Siujui. Nimeacha wazi.

Mwanga unaanza kupungua na nasikia kicheko cha mama yako barabarani, kwa hiyo vifungo vimewekwa. Niseme la mwisho haraka. Umeniuliza wiki iliyopita kama naomba ushinde. Nilijibu "Mungu anajua", jibu la mtu anayekwepa. Naomba ushinde, Skola. Nataka wakuchague ubaki miaka miwili, na nyumba hii itakuwa kimya kupita kiasi na hakuna atakayeniimbia nyimbo za Kiitaliano kwa lafudhi sahihi. Na wasipokuchagua, njoo, usije ukijificha na ukapunguza tena. Nikikusikia unapunguza humu ndani nitakwenda kumwita Sista.

Kesho mwombe kondakta siti ya dirishani. Baada ya Mang'ula usilale, usiweke vile vidude vya masikioni. Basi likisimama Sanje wauza ndizi watakuja wote kwa pamoja, watainua mabeseni mpaka usoni kwako, watapiga kelele. Yeye hatakuja na wao. Amesema atasimama ng'ambo ya barabara, mbali, kwa sababu wimbo ule haufundishwi kwa karibu. Atauimba kutoka pale. Utaona aibu, watu watageuka, kondakta atauliza kuna nini, nami najua moyo wako utakavyodunda kwa kuwa ni moyo wangu uliourithi.

Fungua dirisha. Atakapofika pale juu ataacha, atangoja.

Mjibu.

Baba yako